Uzi Mwekundu wa Nyoosha

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Nimejaribu katika vyumba vingi vya kupanga, na kila mara nimeishia kulibana kifuani kama mtu aliyekamata mbuzi wa jirani. Shuka linataka watu wawili wanaojuana. Huyu anashika pembe zake, yule anashika zake, wanalivuta mpaka linapiga "pwa!", kisha wanatembea kila mmoja kumwelekea mwenzake. Vidole vinagusana, mmoja anaachia, anainama kuokota mkunjo, wanarudi nyuma, wanavuta tena. Nimetazama ngoma na dansi za nchi nyingi. Sijui kama nimeona hatua zilizopangika kuliko zile za wanawake wawili wa dobi lililokuwa nyuma ya kituo cha mabasi, katika mji ambamo kazi yangu iligoma kuisha.

Dobi lile lilifua mashuka ya hoteli na mashati ya wapangaji kama mimi. Chini kulikuwa na kaunta ya kupokelea nguo, nyuma yake mashine za kufulia na boila la mvuke. Juu, ambako hewa ni kavu, kulikuwa na ukumbi wa kunyooshea na kukunjia. Makapu ya nguo yalipandishwa kwa winchi iliyolia kama paka aliyekanyagwa.

Mwanamke mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, mtaratibu. Walimwita Nyoosha, kwa sababu miaka yote alimwamuru hivyo kila aliyeshika upande wa pili wa shuka lake. Mwenzake alikuwa mfupi mpana, mwenye sauti ya kushinda mashine. Huyo aliitwa Wifi. Alikuwa wifi wa Nyoosha kweli, dada mkubwa wa mumewe, lakini jina lilikuwa limesambaa mpaka dereva wa gari la dobi naye akamwita Wifi, jambo ambalo kiukoo haliwezekani.

Kabla sijaenda mbali, niseme habari ya nyuzi. Kila nguo iliyopokelewa kaunta ilishonwa mshono mdogo wa uzi ndani ya kola au kwenye pindo. Uzi mweupe ulimaanisha maji ya moto. Wa buluu, maji baridi. Mwekundu ulimaanisha neno moja tu: isichanganywe. Zamani kitambaa kimoja kinachochuja kiliingizwa pamoja na mashuka ya hoteli, na hoteli nzima ikalala kwenye rangi ya waridi kwa msimu mzima. Tangu hapo dobi lina msemo wake: uzi mwekundu hauulizwi. Ukiuona, unaiweka nguo pembeni, hata kama hujui sababu, hata kama una haraka. Sababu iko kwa aliyeshona.

Nyoosha aliingia pale akiwa binti, akaanza na kuchambua soksi. Ni Wifi aliyemwozesha. "Nilimtazama anavyokunja foronya," aliniambia, "nikasema, mtu wa mikono hii hawezi kushindwa kumnyoosha mdogo wangu." Mdogo wake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mkimya ambaye nyusi zake zilibadilika rangi kulingana na ukuta wa wiki ile.

Ugonjwa ulianzia kwenye ngazi. Nyoosha alianza kusimama katikati, akainama kama anafunga viatu.

"Viatu vyako havina kamba, wifi," Wifi alimwambia kutoka juu.

"Naangalia kama zimeota."

Walicheka wote, na kicheko kikammalizia Nyoosha pumzi. Watu wakatoa hukumu zao: ana mimba, ana mawazo, amezeeka kabla ya wakati, ni mvuke wa boila. Zahanati ilimfunga mpira mkononi, ikapima presha, ikamwambia presha yako nzuri sana, nenda nyumbani ukapumzike. Akapumzika. Siku moja akaanguka akiwa anatandika kitanda chake mwenyewe, na mumewe akamdaka kwa mikono yenye rangi mbichi ya kijani.

Katika hospitali kubwa daktari mmoja alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akamtuma kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha kwenye kipimo kingine ambacho Nyoosha alikisimulia akiwa ameshika koo, kama mtu anayesimulia safari ya mwezini. Walipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, ukasafiri mpaka moyoni, ukapita moyoni, ukachungulia mlango wa mapafu. Naye yu macho, anasikia wanavyoongea.

"Fikiria," aliniambia. "Moyo wangu ulikuwa na mgeni, na ukaendelea na kazi."

Wakakuta kwamba presha yake haipimwi mkononi. Ilikuwa imejificha kwenye mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka kwenye mapafu kuchukua hewa. Mishipa hiyo ilikuwa imesinyaa na kukaza, na upande wa kulia wa moyo ulikuwa unasukuma damu kama mtu anayesukuma maji kwenye mpira uliokanyagwa. Moyo ulikuwa umeanza kuvimba kwa kazi hiyo. Nyoosha alilifikiria boila lao. Boila lina geji usoni, sindano ikipanda mzee anayelihudumia anafungua vali. Yeye alikuwa ametembea na boila lisilo na geji.

Wakampa dawa. Kidonge kidogo kuliko kifungo cha shati, cha kumeza asubuhi, mchana na jioni. Mfamasia wa hospitali, mama mwenye miwani ya kamba, alimkalisha.

"Hii inaitwa sildenafil. Inalegeza mishipa ya mapafu, damu ipite. Huiachi mwenyewe hata ukijisikia mzima, huruki kidonge, na ukisahau kimoja humezi viwili kwa mpigo kufidia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa nisikilize kwa masikio yote. Kuna dawa ya wagonjwa wa moyo, ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Hiyo na hii zisikutane mwilini mwako. Kamwe. Zikikutana, presha yako inaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mwambie kila atakayekutibu. Mwambie na kila unayeishi naye."

Halafu mama yule akashusha sauti. "Na usishtuke ukisikia mtaani wanaiita dawa ya wanaume. Ndiyo hiyo hiyo. Kwako inafanya kazi kwenye mapafu."

Haukupita muda mrefu Nyoosha akapanda ngazi za dobi bila kusimama. "Nilifika juu nikageuka kuzitazama," alisema. "Nilidhani nimeruka baadhi." Alishuka, akapanda tena taratibu, kuhakikisha. Mzee wa boila alimkuta ameshika ukuta wa juu kwa kiganja, analia, akamuuliza nani amefariki.

Nimepita katika lugha nyingi, na karibu kila moja ina methali za kusifu mlima, bahari au mfalme. Sijawahi kusikia methali ya kusifu mshipa uliofunguka kwa upana wa unywele. Labda kwa sababu anayejua thamani yake hana muda wa kutunga, anahema tu na kushukuru.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mumewe alisoma jina kwenye boksi, akalirudia kimoyomoyo, akakaa chini.

"Hii naijua," alisema. "Mafundi wenzangu wanaitania kila siku."

"Ni ya mapafu, baba."

"Mimi najua ni ya mapafu. Wewe unajua. Dada hajui."

"Dada yako ndiye ninayekunja naye kutwa nzima."

"Ndiyo maana nakuomba. Akijua yeye, dobi limejua, kituo cha mabasi kimejua, na mimi kesho napaka ukuta watu wanacheka mpaka rangi inakauka. Watasema mimi ndiye mgonjwa, wewe unanichukulia tu."

Nyoosha alimtazama. Mtu aliyemdaka asigonge kichwa sakafuni alikuwa anaomba kitu kimoja. Akakubali. Vidonge akavihamishia kwenye kopo dogo la vifungo, na kila aliyeuliza aliambiwa ni vya kuongeza damu.

Hapo ndipo pa kuogopa, maana Wifi naye alikuwa na dawa yake. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kubana, na hospitali ilikuwa imempa vidonge vidogo vya chini ya ulimi, ambavyo alivibeba kwenye kichupa cheusi ndani ya mfuko wa aproni, kifuani. Alivionyesha watu kama bibi harusi anavyoonyesha pete. Nyoosha alijua. Kila siku walikutana katikati ya shuka, na kila siku dawa mbili zilizokatazwa kukutana zilisogeleana, moja ndani ya mwili, nyingine ndani ya mfuko, mpaka vidole vikagusana, kisha zikaachana.

Siri ilidai na riba. Wakati wa chakula Wifi aliketi ubavuni mwake na macho yake yalikagua kila kilichoingia mdomoni mwa mtu. Siku nyingine kidonge cha mchana kilibaki kwenye kopo. Nyoosha alijiambia, cha jioni kipo.

Siku yenyewe, winchi ilikatika. Makapu yakapandishwa kwa mabega, na ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha. Nyoosha alikuwa ameruka kidonge cha mchana jana, na leo tena. Walikuwa kwenye shuka la kitanda kikubwa. Wakavuta, likapiga "pwa!", wakatembea kila mmoja kumwelekea mwenzake. Wifi alifika katikati, akanyoosha vidole, na vidole vya upande wa pili havikuja.

Nyoosha alikuwa amepiga magoti, shuka limemfunika kichwa, mkono umebana kifua.

Kilichofuata nimekisikia kutoka kwao wote wawili, mara nyingi wakisimulia kwa pamoja. Wanakubaliana kwa kila kitu, isipokuwa nani alipiga kelele zaidi.

Wifi aliona kifua kimebanwa. Ugonjwa huo aliujua, na dawa yake alikuwa nayo. Alifungua kichupa kwa meno.

"Fungua mdomo, wifi. Inua ulimi."

Nyoosha alitikisa kichwa, meno yamekazwa.

"Usione haya, ninavyo vingi. Fungua!"

"Mm-mm."

"Huyu atafia mikononi mwangu kwa ajili ya adabu!" Wifi alimshika taya kama wanavyoshikwa watoto wakaidi, akaingiza kidole na kidonge mdomoni. Nyoosha akang'ata.

Wifi anasema mlio ule ulisikika kituo cha mabasi. Kidonge kiliruka, kikaangukia sakafuni na kupotea kwenye ufa wa mbao.

"Umening'ata! Nakuokoa, unaning'ata!"

Akatikisa kichupa, akatoa kingine.

Nyoosha aliniambia kwamba wakati ule alikuwa na pumzi ya maneno machache tu, na alijua. Watu walikuwa wamezunguka, karibu dobi zima. Alimfikiria mumewe akiwa juu ya ngazi yake, mahali fulani, na brashi mkononi. Kisha akakitazama kidonge kile kiganjani mwa mtu aliyempenda, kinakuja.

"Nameza... dawa ya wanaume," alisema.

Mapipa ya mashine ya kunyooshea yaliendelea kuzunguka bila shuka. Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Unameza nini?"

"Ile ile. Ya mapafu yangu. Na hiyo yako... zikikutana, nakufa."

Wifi alikitazama kidonge kana kwamba kimemgeukia na kumtukana. "Mdogo wangu anajua?"

"Ndiye... aliyesema usijue."

Hapo ndipo kila mtu alitarajia mdomo ule ufanye kazi yake, na ukaifanya, ila haikuwa ile waliyoitarajia. "Mnatazama nini?" Wifi aliwageukia. "Sinema? Gari! Leteni gari! Msimlaze, mkalisheni apate hewa! Wewe, fungua dirisha!"

Wakamshusha akiwa amekaa kwenye kiti, kiti kikiwa kimebebwa na wanaume, na gari la dobi likamchukua katikati ya mashuka safi ya watu. Mlangoni pa hospitali, nesi hajauliza hata jina, Wifi alikuwa ameshajaza ukumbi kwa sauti yake.

"Huyu ana presha ya mapafu! Anameza sildenafil, ile ile mnayoijua nyote, mnaoangalia pembeni! Asubuhi amemeza! Asipewe kidonge cha chini ya ulimi! Asipewe! Mtu akimpa atanieleza mimi!"

Wagonjwa waliokuwa wanasinzia kwenye mabenchi waliamka. Jina la dawa alikuwa amelidai kwa Nyoosha njiani, akalirudia garini mpaka dereva naye akalijua. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alisimama wima.

"Mama, rudia hilo la mwisho."

Akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye, Nyoosha akiwa na hewa ya mtungi puani na rangi imeanza kumrudia midomoni, daktari yule alimwendea Wifi kwenye korido. Alimwambia kwamba mtu akiletwa amebanwa kifua hivyo, swali la kwanza ni anatumia dawa gani, na mara nyingi hakuna anayejua, au anayejua anaona haya. "Leo nimejibiwa kabla sijauliza," alisema. Nilipokutana na Wifi wiki hiyo, alikuwa anarudia sentensi hiyo kwa kila aliyekuja kuchukua nguo.

Na vile vidonge vya mchana vilivyorukwa navyo vikatoka hadharani. Nyoosha mwenyewe alivitaja. Akisimulia hapo hupunguza sauti, kwa kuwa daktari hakumgombeza, alimuuliza tu kwa upole: "Ulikuwa unamficha nani?"

Mpaka rangi alifika jioni akikimbia, nyusi za njano. Dada yake alimpokea mlangoni, kidole chake kimefungwa bendeji.

"Unaona hiki? Ni mkeo. Kaning'ata kulinda siri yako."

Mdogo wake alitazama sakafu. "Dada," alisema, "niliogopa kuchekwa."

"Na utachekwa. Mimi nitaanza. Lakini leo sina muda, kaingie ukamwone." Akamsukuma mgongoni kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja. Kilikuwa cha njano.

Alichekwa, kweli. Wiki nzima kituo cha mabasi kilimwita Bwana Dawa. Halafu mafundi wenzake wakaanza kumsogelea mmoja mmoja, wakati wa kuosha brashi, kumuuliza kwa sauti ya chini. Mmoja alikuwa na baba mgonjwa wa moyo mwenye kichupa cha chini ya ulimi, na alijua baba huyo ananunua na zile za wanaume kwa siri barabarani. Mpaka rangi aliacha brashi, akaenda naye kwa mzee huyo jioni ile ile. Sijui waliongea nini. Najua tu kwamba Bwana Dawa liligeuka kuwa jina analoitikia.

Mimi nilikwenda kuchukua mashati yangu Nyoosha aliporudi kazini. Daktari alikuwa amekataza makapu na ngazi nyingi, kwa hiyo sasa alikaa kaunta, akishona nyuzi. Kopo la vifungo lilikuwa mezani mbele ya watu, na kwenye shingo ya kopo hilo kulikuwa na uzi mwekundu uliozungushwa na kufungwa fundo la kidobi. Nikaona na kwenye kola ya gauni lake, ndani, mshono mdogo mwekundu.

"Ni Wifi," alisema alipoona natazama. "Kaingia nyumbani kwangu kashona kila nguo. Mpaka za kulalia. Nikamuuliza, hospitali nyingine watajuaje maana yake? Akasema, watauliza, na wewe utajibu. Mdomo unao, nimeupima kwa kidole."

Kutoka juu ilishuka sauti. "Umemeza cha mchana?"

"Nimemeza!"

"Sikusikia!"

"Nimemeza cha wanaume!" Nyoosha alipaza sauti, na mzee wa boila akagonga bomba kwa spana kushangilia, na mteja aliyesimama nyuma yangu akasahau amekuja kuchukua nini.

Kabla ya kufunga, Wifi alishuka na shuka moja mkononi. Lilikuwa shuka moja tu kwa siku, la kumalizia. Daktari hakukataza hilo, walikuwa wamemuuliza. Nyoosha aliinuka, akashika pembe zake. Kichupa cheusi kilichungulia kwenye mfuko wa aproni ya Wifi, na kwenye shingo ya kichupa nako kulikuwa na uzi mwekundu unaoning'inia. Wakavuta, likapiga "pwa!". Wakatembea polepole, kwa mwendo wa mapafu ya mmoja na moyo wa mwingine, nyuzi mbili nyekundu zikisogeleana kwenye weupe ule wote. Vidole vikagusana. Nyoosha akaachia, akavuta pumzi ndefu mpaka mwisho, tukaisikia ikiingia, na Wifi akainama kuokota mkunjo.